Jiwe la Kuchongwa au Jiwe la Kuvunjika? Ulinganisho wa Zana za Kale na Mawe ya Asili

Jiwe lina ncha, lina makali upande mmoja, na linakaa vizuri kiganjani. Bado halijathibitisha lolote. Ukigeuzageuza jiwe lolote la ukubwa wa ngumi halitakosa upande wa kushikika, kwa sababu kiganja ndicho kinacholifuata jiwe. Maji, baridi, moto, upepo na maporomoko vinaweza kutoa pembetatu, duara, ncha, hata kichwa cha ndege. Umbo ni shahidi dhaifu. Shahidi wa kuulizwa ni mpasuko: jiwe lilivunjikaje, nguvu iliingilia wapi, na kando yake kuna mengine mangapi yaliyovunjika kwa mtindo huohuo?

Kibanzi kilichobanduliwa, na kile kilichojibandua

Mchongaji alihitaji mawe mawili: jiwe mama, yaani lile linalomegwa, na kigongeo. Aligonga karibu na ukingo wa jiwe mama, pale uso wa kugongea unapokutana na ubavu kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90, na kipande chembamba kikabanduka. Hicho ndicho kibanzi. Katika mawe yenye chembe laini kama gumegume (jiwe la kutolea cheche) na obsidiani (kioo cha asili cha volkeno), nguvu ya pigo husambaa ndani ya jiwe kwa umbo la pia, na sehemu ya pia hiyo hubaki kwenye kibanzi kama kinundu.

Kikague kwa utaratibu. Anza na uso mdogo uliopokea pigo, ambao mara nyingi ni wa milimita chache tu. Chini yake, upande wa ndani uliokuwa umeshikamana na jiwe mama, utaona kinundu, na juu ya kinundu huenda pakawa na kovu dogo kama gamba la samaki. Kutoka hapo mawimbi hafifu huenea kama ya maji yaliyotupiwa kokoto, pamoja na michirizi myembamba inayoelekeza nyuma mahali pa pigo. Pitisha kucha: mara nyingi mawimbi huhisika kabla ya kuonekana. Kisha geuza utazame mgongo. Hapo tarajia makovu ya vibanzi vilivyotangulia, au gamba la asili la jiwe, au vyote viwili.

Wanaoanza hukishangilia kinundu. Sisi tunayapa makovu ya mgongoni uzito zaidi. Kinundu kinashuhudia pigo moja, na pigo moja linaweza kutoka kwa jiwe lililobingirika genge. Makovu matatu au manne yanayofuatana, yote yakitokea upande mmoja, yanaonyesha kwamba aliyegonga aligonga tena, akijua pigo la kwanza limeacha nini.

Kipande kilichotolewa na baridi ni kitu kingine kabisa. Maji huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, huganda na kutanuka, kisha kisahani cha mviringo huruka. Hakina uso wa pigo wala kinundu. Kikiwa na mawimbi, yanazunguka kitovu kilicho ndani ya kisahani, si ukingoni. Moto nao hurusha visahani vya aina hiyo, ila huacha pia nyufa ndogondogo kama za chungu kikuukuu, na rangi iliyogeuka nyekundu au kijivu. Kumbuka tu kwamba zana halisi iliyoangukia motoni itabeba alama zote mbili, kwa hiyo dalili za moto peke yake si sababu ya kulitupa jiwe.

| Unachotazama | Kibanzi cha mchongaji | Kisahani cha baridi au moto | Kipande cha mto au maporomoko |
|---|---|---|---|
| Nguvu iliingilia wapi | Ukingoni, kwenye uso mdogo wa pigo | Haikuingia. Ilitokea ndani | Popote, hasa kwenye pembe zilizotokeza |
| Kinundu | Kwa kawaida kimoja | Hakuna | Huenda kikawepo |
| Mgongo | Makovu ya awali yenye mwelekeo unaoeleweka | Mara nyingi gamba la asili | Gamba, au makovu ya kila upande |
| Makali | Membamba, yanaendelea | Hayana mpangilio | Yamesagika, yana mapengo |
| Rangi ndani ya makovu | Inafanana | Hutofautiana | Hutofautiana sana |

Safu wima ya mwisho, ya mto na maporomoko, ndiyo inayowagombanisha hata mabingwa.

Jiwe mama na jiwe la mtoni

Chukua jiwe mviringo la mtoni lenye makovu mawili upande mmoja. Je, ni jiwe mama la kale, au liligongana na wenzake wakati wa mafuriko? Kwa makovu mawili tu, jibu la haki ni kwamba haijulikani. Likiwa na matano au sita, unaweza kuanza kulisoma.

Angalia yamepangikaje. Mchongaji hutafuta ukingo wenye pembe kali na kuufuata, na akishautumia hugeuza jiwe, akatumia kovu la kwanza kama uso wa kugongea la pili. Makovu yake basi hukusanyika sehemu moja, hupandana kwa mfuatano, na kuacha gamba la asili limetulia upande wa pili. Mto hauchagui. Hugonga kila kinachotokeza, kwa hiyo makovu yake hutawanyika pande zote, huwa mafupi na wima, na baina yake kuna alama ndogo za mwezi mwandamo zilizoachwa na migongano isiyomega kitu. Kingo nazo husagika. Ukiona kovu lenye makali yanayokwaruza ngozi kando ya jingine ambalo kingo zake zimelainika, basi yalitokea nyakati mbili zilizoachana mbali. Mchongaji anayetaka makali leo hawezi kumega nusu na kungoja maji yapite karne kadhaa ndipo amalizie.

Kisha pima pembe kati ya uso uliogongwa na kovu. Kipimapembe cha shule kinatosha. Mwaka 1939 mtafiti Alfred Barnes alipendekeza kigezo kinachotajwa hadi leo: katika kundi la zana za binadamu, pembe za nyuzi 90 au zaidi zisizidi asilimia 25. Nguvu za asili, hasa mgandamizo wa udongo na mawe, hutoa pembe butu kwa wingi zaidi. Lakini hicho ni kigezo cha kundi. Kupima jiwe moja lenye makovu matatu na kutangaza asilimia ni kujidanganya.

Barnes hakuibuka na swali hilo bila sababu. Mwishoni mwa karne ya 19, hasa kutokana na mawe ya Kent nchini Uingereza, wataalamu wengi waliamini kwamba vipande vya gumegume vilivyomegeka kidogo pembeni vilikuwa zana za kale kupita zote, wakaviita eolithi. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kifaransa Marcellin Boule alionyesha kwamba mashine za kiwanda cha saruji karibu na Mantes, Ufaransa, zilizokuwa zikikoroga chaki yenye gumegume ndani ya maji, zilitoa vipande kama hivyo bila mtu kukusudia. Samuel Hazzledine Warren naye alichunguza jinsi gumegume linavyomegeka likigandamizwa chini ya uzito. Eolithi zikapoteza heshima zake. Kilichowaponza waliozipenda ni uteuzi: waliokota zile zilizofanana na zana, wakaacha maelfu yaliyolala pembeni. Ukichagua vizuri katika lundo kubwa la kokoto, utapata zana ya aina yoyote unayoitaka.

Hata jina kubwa halimkingi mtu. Mwaka 1964 uchimbaji ulianza Calico, katika jangwa la California, ukiungwa mkono na Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mambo ya kale, yuleyule wa Bonde la Olduvai. Mawe yaliyopatikana yalitoka katika tabaka nene za mchanganyiko wa mawe na matope yaliyoteremka mlimani, ambamo gumegume lilikuwa tele na misukosuko ilikuwa tele vilevile. Wengi wa wataalamu, mkewe Mary Leakey akiwamo, hawakukubali kwamba yalichongwa. Mahali penye malighafi nyingi na nguvu nyingi za kuvunja, asili ina nafasi ya kujaribu mara milioni.

Siku hizi kuna mshindani wa tatu. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya nyani wadogo wa jamii ya kapuchini katika hifadhi ya Serra da Capivara, Brazil, wanaogonganisha mawe na kutoa vibanzi vyenye makali na mpasuko safi kabisa. Hawavitumii, hulamba na kunusa jiwe lililopondeka, vibanzi wakaviacha palepale. Kwa hiyo mpasuko safi unathibitisha pigo la nguvu lililolengwa, hauthibitishi kwamba aliyelenga alikuwa anatafuta kisu.

Upande wa pili wa mizani uko Lomekwi 3, magharibi ya Ziwa Turkana, penye zana za miaka milioni 3.3 zilizotangazwa mwaka 2015. Ni mawe makubwa, mengine yakizidi kilo 10, na ukiliokota moja peke yake pengine ungelipita. Yalikubalika na wengi kwa sababu yalitoka katika udongo wenye chembe laini, ambao maji yaliyouleta hayangekuwa na nguvu ya kubeba wala kugonganisha mawe ya uzito huo, na kwa sababu jiwe mama na kibanzi vilipatikana vikioana. Kibanzi kinachorudi kwenye kovu lake, katika udongo mtulivu, kina thamani kuliko shoka zuri lililookotwa kwenye kokoto za mto.

Kwatzi, mkorofi wa kundi

Yote yaliyosemwa juu ya kinundu na mawimbi huyumba ukifika kwenye kwatzi, jiwe gumu la fuwele ambalo mara nyingi ni jeupe. Jiwe hili lina nyufa za ndani na hupasuka linavyotaka. Mchongaji mzuri hupata vipande vya pembepembe visivyo na kinundu, na jiwe lililojivunjia kwenye mwamba hutoa vipande vya pembepembe vilevile. Tena kwatzi ilichongwa mara nyingi kwa kuwekwa juu ya jiwe jingine kama fuawe na kupondwa kutoka juu. Kibanzi cha namna hiyo hupondeka ncha zote mbili, hunyooka, na kinundu hakionekani.

Kwenye kwatzi, basi, tafuta upondekaji unaotazamana: ncha ya juu na ya chini zimesagika, ubavu uko safi. Kipande cha asili huvunjika kwa kufuata nyufa za zamani, na nyuso zake huwa na madoa ya kutu au utando wa udongo ulioingia humo kabla hakijaachana na mwamba. Uso mweupe usio na utando, karibu na ncha zilizopondeka, ni dalili nzuri. Hata hivyo kipande kimoja cha kwatzi hakiamui kitu. Tunataka vingi.

Basalti, yaani mwamba wa lava iliyopoa, ikiwa na chembe kubwa ina tatizo dogo kuliko hilo: kinundu kipo lakini kimetapakaa, na mawimbi hayaonekani bila mwanga wa kulala. Pia lava ikipoa hupasuka yenyewe kwa nyuso bapa na pembe zilizonyooka, na vipande vyake huonekana kama vimekatwa. Nyuso hizo hazina mwanzo wa pigo wala kovu linalopandana na jingine.

Ukingo ulionolewa na ukingo uliokanyagwa

Kibanzi kikishakubalika kuwa kibanzi, linakuja swali la iwapo kilifanywa kuwa chombo. Ukingo uliorekebishwa una makovu madogo yanayofuatana bila kuruka, ya ukubwa unaokaribiana, yote yakitokea uso mmoja, na yanaufanya ukingo uwe mnyoofu, wa duara au wenye pengo moja la makusudi. Kwato za mifugo na miguu ya watu humega pia, lakini humega hapa na pale, mara upande wa juu, mara wa chini, na huacha mapengo yasiyo na uhusiano. Katika udongo mgumu wenye changarawe kukanyaga huiga kunoa kwa karibu mno, kwa hiyo mahali penye njia ya ng'ombe usiyape makovu ya ukingoni uzito wowote.

Shoka la mkono na jiwe lenye ncha

Hapa kazi ni nyepesi. Shoka la mkono, aina iliyoanza si chini ya miaka milioni 1.76 iliyopita kwa ushahidi wa Kokiselei karibu na Turkana, limechongwa pande zote mbili. Makovu ya huku na ya kule hukutana ukingoni. Litazame kwa ubavu: ukingo unakwenda katika mstari mmoja, hata kama unayumbayumba kidogo. Jiwe la asili lenye ncha kwa kawaida lina uso mmoja au miwili ya ufa wa mwamba, makovu machache, na ukingo unaopanda na kushuka bila kufuata mstari. Mtu akikuuliza juu ya jiwe lenye ncha lakini lisilo na kovu hata moja, jibu ni jiwe.

Yaliyosuguliwa: kijaa, shoka laini, jiwe la tundu

Zana za kusugua hazina kinundu, kwa hiyo vigezo hubadilika. Swali ni ulaini uko wapi na unaishia wapi.

Mto hulainisha jiwe zima, na mipaka ya ulaini haionekani. Kusaga hulainisha uso mmoja au miwili, huanzia sehemu zilizoinuka na kuzifanya bapa, na mabonde madogo katikati yake hubaki makavu na ya kukwaruza. Kijaa cha kale kina uso ulioingia ndani kwa urefu, mikwaruzo inayofuata mwelekeo wa mkono, na mara nyingi vishimo vidogo vilivyodonolewa ili kurudisha ukali uso ulipoteleza. Weka rula juu yake: ingio ni la taratibu na linalingana pande zote mbili. Shimo la mwambani mtoni ni la duara, lina kina, na kuta zake zimezungushwa na kokoto. Vishimo vya mvua kwenye chokaa vina midomo isiyo sawa na kuta zenye mikunjo.

Shoka la kusuguliwa huchanganywa na mawe ya jangwani yaliyochongwa na upepo. Mchanga unaorushwa na upepo hukata nyuso bapa, mara nyingi tatu, zinazokutana kwenye migongo mikali, na jiwe hung'aa. Lakini nyuso hizo zina vidoa na vijifereji vya upepo, na kwa kawaida upande uliolala chini haukuguswa. Shoka lina nyuso mbili zinazokutana kuunda makali mamoja upande mmoja, zenye mikwaruzo sambamba inayoonekana kwa lenzi ya kukuza mara 10, na mwilini kwake mara nyingi yamebaki mabonde ya makovu ya uchongaji ambayo msuguo haukuyafikia.

Tundu nalo husomeka. La kutobolewa kwa mkono kutoka pande mbili lina midomo mipana na kiuno chembamba, kama vikombe viwili vilivyogusanishwa vitako, na kuta zake zina mikwaruzo ya duara. Chaza watoboao mwamba pwani huacha kinyume chake: mdomo mwembamba na tumbo pana. Tundu lililoliwa na maji lina kuta za mawimbi zisizo na mpangilio.

Kigongeo hupondeka kwenye ncha moja au mbili tu. Jiwe la mtoni lina alama kila linapotokeza. Kuhusu mawe ya mviringo kamili, mengi ni mabonge ya asili yaliyokua tabaka juu ya tabaka. Lile lililogongwa na watu hadi likawa tufe hubakiza vijiuso na vijimgongo vya makovu ya zamani. Usilivunje ili kuona ndani.

Yaliyovunjwa juzi

Jembe la trekta, mashine ya kusaga kokoto na magurudumu hutoa vibanzi vyenye kinundu kizuri. Kinachoyafichua ni upya wake: rangi ndani ya kovu ni mbichi, tofauti na uso uliobaki, na huenda kuna mstari wa kutu mahali chuma kilipopita. Palipomwagwa kokoto za barabara, okoto moja moja halina maana.

Ukiwa mbele ya jiwe

Piga picha kabla ya kugusa, ukiweka rula au kitu cha kipimo kando yake, na uandike mahali kwa GPS. Chunguza ardhi mita chache kila upande ukitafuta vipande vidogo visivyozidi sentimita 2. Uchongaji humwaga takataka nyingi ndogo, na maji yenye nguvu huzizoa kwanza. Zikiwepo pamoja na vipande vikubwa, mahali hapo hapajasumbuliwa sana. Uliza jiwe la aina hiyo linatoka wapi. Kibanzi cha obsidiani katika uwanda usio na volkeno, bila mto wa kukileta, kilibebwa na mtu, ingawa kubebwa si kuchongwa.

Kwa mwanga, lalisha tochi karibu na uso wa jiwe, nyuzi 10 hadi 20, na uizungushe polepole. Mawimbi yatajitokeza kama vivuli. Udongo uliokauka uondoe kwa brashi laini. Usisugue kwa waya wala kutumia sabuni, kwani ukingoni panaweza kuwa na mabaki ya kilichokatwa. Pima pembe za makovu yote unayoyaona, si yale yanayokupendeza.

Ushahidi ukipingana, sisi huupanga hivi: mahali kwanza, kisha mfuatano wa makovu, kisha pembe, kisha kinundu, na umbo mwisho kabisa. Kundi la vibanzi vibaya vya kwatzi kwenye udongo mtulivu wa ziwa linashinda shoka linalovutia lililotoka kwenye maporomoko.

Nchi nyingi hulinda vitu vya kale kwa sheria, na kuchimba au kuondoka navyo bila kibali ni kosa. Toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale au makumbusho, ukiambatanisha picha na vipimo. Jiwe lililobaki katikati liandike "halijaamuliwa", kisha lirudishe palepale na upande uleule uliokuwa juu ubaki juu. Utando wa upande uliopigwa na jua na ule uliolala kwenye udongo si mmoja, na atakayekuja kulikagua baada yako atahitaji kujua upi ulikuwa wapi.